Dakika Nne za Las Totoras

Jaketi lilikuwa la jirani, viatu vilikuwa vya mama, na mkoba ulikuwa wa binamu. Yanina Ledesma alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akaona mtu anayefanana na karani wa benki, akafurahi kidogo. Viatu vilimbana. Bi Delfina, mama yake baba, alikuwa ameketi jikoni ananyonya yerba yake, chai ya majani machungu, kwa mrija, akamkagua toka juu hadi chini kama anayenunua ng'ombe.

"Umependeza," akasema bibi. "Ila usicheke sana. Ukicheka unafanana na marehemu babu yako, na yule hakuna aliyemwajiri."

"Bibi nawe!"

"Nasema ukweli. Na wakikuuliza unataka mshahara gani, nyamaza. Wanaotaja hupewa pungufu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga treni. Watu wengi huku kwetu, kusini mwa Buenos Aires, wanadhani treni hazijapangwa kabisa, na ukiziona zinavyokuja huwezi kuwalaumu. Lakini ipo ofisi, ghorofa ya tatu ya makao makuu ya kampuni ya reli, ambamo watu hushinda wanachora mistari. Juu ya karatasi wanaandika saa, pembeni wanaandika stesheni, na kila mstari wa mshazari unaokatiza katikati ni treni moja na abiria wake wote. Mistari miwili isikutane mahali ambapo hakuna njia ya kupishana. Nafasi ilikuwa moja tu na waombaji walikuwa chungu nzima. Yanina alisomea mambo ya usafirishaji masomo ya jioni, baada ya kushinda kutwa akitoa kopi kwenye duka la vifaa vya shule, na sasa alikuwa amefika kwenye usaili wa mwisho.

Mshahara ulikuwa mara tatu ya ule wa dukani. Nyumbani hawakulisema hilo kwa sauti, wakiogopa kulitia mkosi, lakini kila mtu alikuwa ameshautumia kichwani. Zulma, mama yake, aliutumia kuacha kusafisha ofisi za watu mjini, kazi iliyommaliza magoti. Bi Delfina aliutumia kuweka meno. Evaristo, baba yake, hakuutumia kwa lolote, kwa sababu mawazo yake yalikuwa kwenye jambo jingine.

Evaristo alikuwa gadi wa treni, yule anayefunga milango na kupuliza kipenga, na bila kipenga chake dereva haondoki. Alikuwa karibu kustaafu. Na kwetu gadi akistaafu, safari yake ya mwisho haifichiki. Familia nzima inapanda naye. Wenzake wanatega fataki juu ya reli, zinapasuka chini ya magurudumu kila stesheni, dereva anapiga honi mwanzo wa njia hadi mwisho, na mzee akishuka anamwagiwa maji na unga na mayai, mvi zake na zote, na hata wale wagumu hulia. Asiyefanyiwa hivyo anaonekana kama mtu aliyefukuzwa. Evaristo alikuwa ameshawamwagia wenzake unga wa kutosha kufungua duka la mikate, na sasa zamu ilikuwa yake. Bi Delfina alishanunua gauni la siku hiyo, la zambarau, lenye shanga kifuani.

*

Mlangoni mwa makao makuu, mlinzi hakumwacha aseme.

"Wa usafi wanapita mlango wa nyuma, dada."

"Nimekuja kwenye usaili."

Mlinzi akatazama viatu, akatazama tena uso. "Usaili wa usafi pia ni mlango wa nyuma."

"Wa kupanga treni. Ghorofa ya tatu. Jina langu lipo hapo kwako, kama utaangalia."

Akaangalia. Lilikuwepo. Hakuomba radhi, alisogea tu pembeni kumpisha, na Yanina akapanda ngazi huku masikio yanamwaka. Mama yake aliingilia milango ya nyuma kila siku ya Mungu na hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Chumbani walikuwa wawili: mwanamke wa utumishi, aliyekuwa akiandika kila kitu, na mhandisi Bengochea, mkuu wa ofisi ya kupanga treni, mwanamume mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Bengochea alimpa karatasi tupu, rula, na jedwali la muda wa kutoka stesheni hadi stesheni.

"Chora asubuhi ya tawi la Santa Rufina hadi Coronel Brizuela," akasema. "Najua ni njia ya kwenu, nimeona anwani. Usidhani nakubeba. Mtu huichora vibaya zaidi njia anayoijua."

Yanina akainama. Alianza na treni ya alfajiri, ile ya kwanza, inayowapeleka watu hadi makutano ya Brizuela ili wadake treni ya umeme ya mjini. Jedwali lilisema kila stesheni ndogo treni isimame nusu dakika. Akafuata hivyo, stesheni hii, stesheni ile. Alipofika Las Totoras akaona wamekosea, akasahihisha kwa wino, akaendelea. Mwisho wa mstari treni yake ikaikosa ile ya umeme kwa kitambo kidogo tu. Akahangaika kuuvuta mstari, ukagoma, akauacha ulivyo.

Bengochea aliuchukua mchoro, akautazama kwa muda, kisha akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa Las Totoras umesimamisha treni dakika nne. Inapishana na nini?"

"Haipishani na kitu, mhandisi."

"Sasa?"

"Ndivyo inavyosimama. Jedwali lilikuwa limekosewa, nikarekebisha."

"Jedwali limekosewa!" Akamgeukia mwenzake wa utumishi, akamrudia. "Nani amekwambia inasimama dakika nne?"

"Hajaniambia mtu. Nimeipanda tangu naenda shule. Stesheni zote inagusa na kuondoka, Las Totoras inasimama. Waliomo wanapata nafasi ya kushuka, kununua mkate kwa mama mmoja pale nje, na kurudi." Akacheka, akasahau kabisa onyo la bibi. "Labda aliyeandika jedwali hajawahi kuipanda."

Bengochea hakucheka. Alitoa penseli nyuma ya sikio akairudisha palepale.

"Unajua treni hii huchelewa Brizuela kila siku?" akauliza taratibu. "Kila siku. Tumesema ni injini, tukabadilisha injini. Tumesema ni reli, tukabadilisha mataruma. Watu wa njia nzima wanaikosa ya umeme, na mimi kila mwezi naitwa juu kutukanwa." Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha. "Inasimama ikingoja nini?"

Hapo ndipo Yanina alipojiuliza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kwake treni ilikuwa inasimama Las Totoras kama vile jua linavyochomoza upande ule.

"Basi," akasema. "Kuna basi la kwanza linawaleta akina mama wanaokwenda kufanya usafi mjini. Linafika baada ya treni."

"Na nani huizuia treni?"

"Gadi." Alijibu kama mtu anayejibu swali la mtihani, na neno likamfikia masikioni likiwa limeshatoka.

Mwanamke wa utumishi akaacha kuandika. "Ledesma," akasema. "Tuna gadi Ledesma kwenye tawi lile."

"Ni baba yangu."

Bengochea hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamfanya mbaya ili hadithi inoge. Alivuta kiti akakaa sawa na Yanina.

"Nisikilize, binti. Kama dakika nne zipo, umenionyesha leo kitu ambacho ofisi nzima imekitafuta ikakikosa, na kiti hiki ni chako, nitakupigania. Kama hazipo, umebuni namba kwenye mtihani, na mtu anayebuni siwezi kumweka hapa. Sina njia ya tatu. Itabidi tumwite gadi tumuulize."

*

Evaristo alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni aliposikia. Hakupandisha sauti. Alichukua taulo, akajifuta mguu mmoja, akausahau wa pili ndani ya maji.

"Sikujua, baba," Yanina alikuwa analia waziwazi. "Naapa sikujua. Nilidhani ni ratiba!"

"Ungejuaje? Umezaliwa ukaikuta hivyo."

"Mtoto amemwaga mtama wote," akasema Bi Delfina. "Nilimwambia asicheke."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Watakutoa kwenye treni, Evaristo. Watakuweka getini ukate tiketi mpaka ustaafu, na hakuna safari ya mwisho ya getini. Mimi nimeshanunua gauni!"

Zulma alikuwa amesimama karibu na jiko, anakoroga mchuzi ambao ulikuwa umeiva zamani. Yanina akamgeukia baba yake tena, maana kulikuwa na jambo linalomsumbua tangu alipoutazama ule mstari wake ukigoma.

"Lakini baba, watu wa stesheni za mbele wanaikosa ya umeme kila siku kwa ajili hiyo. Ni wengi."

"Najua. Si ndio wanaonitukana? Kila asubuhi natukanwa mimi na mama yangu."

"Mimi?" akashtuka Bi Delfina.

"Na hukuacha?" Yanina akamuuliza baba yake.

"Wale wakiikosa, nyuma yake ipo nyingine, wanafika kazini wamenuna, basi. Hawa wa Las Totoras, mama yako mmoja wao, wakiachwa na yangu hawana nyingine ya kuwawahisha, na wakichelewa siku moja wanakatwa posho ya mahudhurio ya mwezi mzima. Mwezi, Yanina. Muulize mama yako posho ile ni kiasi gani kwenye mshahara wake." Akautoa mguu wa pili. "Nilipima. Sikuwa na rula kama yenu, lakini nilipima."

Kesho yake asubuhi akaja Cacho, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu mnene mwenye sauti ya mnada, akala biskuti zote za mezani kabla ya kufungua mdomo kwa kazi iliyomleta.

"Jambo jepesi hili," akasema. "Unaingia pale, unasema nusu dakika. Dereva hatasema, nimeshaongea naye. Las Totoras hakuna kamera, hata taa hakuna. Nani atathibitisha?"

"Na binti yangu?"

"Binti yako kijana, atapata kazi nyingine. Wewe utapata wapi safari nyingine ya mwisho? Vijana wameshanunua unga, Evaristo. Mayai tumeagiza trei nzima."

"Bwana Cacho yuko sawa," akasema Yanina. Alikuwa amelala vibaya na uso ulimvimba. "Nitawaandikia kwamba nilibuni. Nitasema nilichanganyikiwa na mtihani."

"Uandike kwamba umedanganya?" Evaristo akauliza. "Halafu kila kampuni utakayoomba kazi iwaulize hawa, na hawa waseme nini? Nitakunyang'anya hiyo kalamu."

"Basi tufanyeje?"

"Wewe nenda dukani kwako ukatoe kopi. Mimi ndiye nimeitwa, si wewe."

Cacho akaondoka akitikisa kichwa, na biskuti ya mwisho mfukoni. Yanina naye akaenda. Hapo Zulma, ambaye siku ile alikuwa hana zamu, akazima jiko na kukaa mbele ya mumewe, magoti yake yakalia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Sema ukweli kwamba ni kwa ajili yangu," akasema. "Labda watacheka, wakuachie."

"Si kwa ajili yako."

"Evaristo. Mimi nilikuwa nakimbia na kiatu kimoja mkononi, nachelewa kiwandani kushona, na gadi mmoja mwenye masharubu ya kijinga akashikilia treni nzima mpaka nikavaa kiatu. Leo unaniambia si kwa ajili yangu?"

"Ilianza na wewe," Evaristo akakubali, na akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nilipokuoa nilisema sasa basi, naacha. Nilipofika pale asubuhi yake, wale wenzako wa kwenye basi walikuwa wanakuja bila haraka, wanacheka. Wameshazoea. Nikasema ah, nitaacha kesho."

Zulma akamshika mkono. Walikaa hivyo, watu wawili wazima, mpaka Bi Delfina akauliza kutoka chumbani kama siku hiyo ndani ya nyumba ile watu walikuwa hawali.

*

Mchana wa siku hiyo Evaristo alikwenda makao makuu na sare iliyopigwa pasi na kofia mkononi. Bengochea alimpa kiti, yeye akasimama.

"Gadi Ledesma, treni ya alfajiri husimama Las Totoras kwa muda gani?"

Kusema nusu dakika ni maneno mawili tu. Evaristo alikuwa nayo mdomoni, alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani ili aone yanavyosikika. Akaona ukuta nyuma ya mgongo wa Bengochea, na juu yake mchoro wa binti yake umebandikwa kwa pini, mistari imenyooka vizuri, na pale Las Totoras kuna duara jekundu.

"Dakika nne," akasema. "Mvua ikinyesha, tano."

Mwanamke wa utumishi akaandika. Bengochea akashusha pumzi.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nina nywele."

"Mzee wangu, si ungeomba? Ungeleta maombi, tungetazama tungefanya nini."

"Niliomba, mhandisi. Wewe ulikuwa bado mtoto wa shule. Wakaniambia basi si la kampuni na akina mama wale si wafanyakazi wetu, nisiwasumbue tena."

Bengochea alisema lililobaki kwa sauti ya chini, kama daktari: kwamba sheria ni sheria, kwamba kwa sababu ya miaka yake hatafukuzwa wala kukatwa pensheni, lakini hawezi kurudi kwenye treni. Kuanzia Jumatatu atakaa getini, stesheni ya Brizuela, hadi siku ya kustaafu.

"Kwa hiyo ile safari ya mwisho..." mwanamke wa utumishi alianza, kisha akajutia kuanza.

"Nimeshaifanya," akasema Evaristo. "Ilikuwa jana. Sikujua tu kuwa ndiyo." Akavua kipenga shingoni akakiweka mezani. "Na binti yangu?"

"Binti yako ameajiriwa."

"Haya. Ahsanteni."

Akavaa kofia, akakumbuka kuwa si gadi tena, akaivua.

*

Siku ile ya ajira hapakuwa na sherehe. Zulma alipika milanesa kwa sababu alikuwa ameahidi, nyama nyembamba ya kukaanga, na zikaliwa bila maneno mengi. Bi Delfina alilitundika gauni la zambarau nyuma ya mlango, mahali ambapo kila anayepita lazima alione, na alipoombwa alihamishe akasema gauni lake halijamkosea mtu.

Yanina alikuwa amemuuliza Bengochea siku ya kusaini mkataba. Dakika nne za Las Totoras, je, haziwezi kuwekwa kwenye ratiba kihalali?

"Chora," Bengochea akamwambia. "Ukipata pa kuzitoa, nitasaini hata usiponishawishi. Mimi nimejaribu, nimeshindwa."

Jumamosi na Jumapili alitandaza karatasi kwenye meza ya jikoni. Akiisogeza treni mbele, inaikosa ya umeme. Akiirudisha nyuma ianze mapema, inakutana na treni ya wachinjaji wa kiwanda cha nyama inayotoka upande wa pili, na ile ndiyo inabidi isubiri, na wale nao wana saa zao. Kila dakika aliyoigusa ilikuwa na mtu ndani yake. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mama yake alipita na ndoo ya kudekia, akachungulia.

"Unatafuta nini humo?"

"Dakika nne, mama."

"Achana nazo, utaumwa kichwa. Tumeshaongea na dereva wa basi, amesema atakanyaga mafuta. Na sisi tutakimbia."

"Utakimbia na magoti hayo?"

"Nilikimbia na kiatu kimoja, nikapata mume. Sasa nina viwili." Akacheka, akamgonga kisogoni kwa upole. "Wewe nenda kazini kwako. Usiwaambie tena watu wametunga jedwali vibaya siku ya kwanza."

Basi Jumatatu moja ikawa siku ya kwanza ya watu watatu. Evaristo alianza getini Brizuela. Gadi mpya, kijana aliyepewa maelekezo ya maandishi, alianza kwenye treni ya alfajiri. Na Yanina, aliyelala mjini kwa binamu mwenye mkoba, alifika ofisini giza likiwa bado halijatoka, kwa sababu Bengochea aliwataka wote wawepo kuitazama treni ile. Mlinzi wa mlangoni safari hii alimsalimu, akamwita bibie. Mvua ilikuwa imeanza tangu usiku, mvua ya kwetu ya majira ya baridi, ile isiyo na haraka.

Ukutani kulikuwa na skrini inayoonyesha kila treni ilipofika. Wapangaji walisimama na vikombe vyao vya kahawa. Treni ya alfajiri ikatoka Santa Rufina. Ikapita stesheni ya kwanza, ya pili. Yanina alijua barabara ya kwenda Las Totoras ikinyeshewa inakuwaje, ilivyo ya udongo ule wa kunata, na basi linavyoyumba. Akaomba, yeye asiyeomba. Kidoa cha treni kikafika Las Totoras, kikasimama, na kabla hajameza kahawa aliyokuwa nayo mdomoni kikaondoka.

"Nusu dakika!" mtu akapiga kelele. "Nusu dakika kamili!"

Baada ya hapo hapakuwa na kizuizi. Sauti ya mtu wa Brizuela ikasikika kwenye spika: tawi la Santa Rufina, treni ya kwanza, imeingia kwa wakati, abiria wote wameidaka ya umeme. Haikuwahi kutokea tangu wengi wao waajiriwe. Ofisi nzima ikalipuka kwa makofi, mmoja akapiga meza kwa rula, Bengochea akawa mwekundu kwa furaha, wote wakamgeukia msichana mpya.

"Ledesma! Hongera, Ledesma!"

Simu yake ikalia mfukoni. Akaipokea huku wanampigia makofi.

"Yanina," ilikuwa sauti ya baba yake, na nyuma yake kelele za stesheni.

"Baba."

"Treni yako imeingia kwa wakati."

"Najua. Huku wanashangilia."

"Nawasikia. Watu wamepita wote hapa getini. Wamefurahi, mmoja amenipa mkono. Nimengoja mpaka wa mwisho, ndipo nikafunga."

"Baba, mama..."

"Mama yako hayumo."

Mhandisi Bengochea alikuwa ameshafika mbele yake, amemnyooshea mkono wa pongezi, na wenzake walikuwa bado wanapiga makofi, ikabidi aupokee.